Mgombea wa Mlango wa Nyuma

Jumatatu, 3 Juni

Habari kubwa! Mwakilishi wetu wa chama ameacha kazi. Amepata nafasi ya mapokezi kwa daktari wa meno, mahali ambapo kiti hakitikisiki na wateja wanaingia wamefumba midomo. Sisi wahudumu wa ndege tumebaki yatima. Shangazi ametangaza kwenye chumba cha zamu kwamba uchaguzi ni Jumatano ya wiki ijayo. (Shangazi si shangazi wa mtu. Ndiye mhudumu mkuu, na ndiye katibu wa tawi letu la chama. Tunamwita hivyo kwa sababu akikukuta na shati lisilopigwa pasi hukutazama kama umeaibisha ukoo.)

Nimeamua kugombea.

Mambo ya chama nayajua. La kwanza ni mlango. Saa zetu za malipo huanza mlango wa ndege ukishafungwa. Yanayotangulia hapo, yaani kupokea abiria, kunyanyua mabegi yao yenye mawe, kuamua ugomvi wa nani akae dirishani, yote hayo ni sadaka. Ndege ikichelewa uwanjani, sadaka inarefuka. Chama kinataka tulipwe tangu tunapokanyaga ngazi. Kampuni inasema inalifikiria. Inalifikiria tangu nikiwa na nywele.

Ila mimi sigombei kwa ajili ya mlango. Hii ni shajara yangu, acha niseme kweli. Mwakilishi hapangiwi safari za alfajiri. Mwakilishi huingia chumba cha mazungumzo, chenye viti vya mito na chai ya birika. Mwakilishi huitwa "Ndugu Mwakilishi." Mimi miaka yote hii naitwa "we kaka, maji."

Nikamweleza mke wangu. Alikuwa anakatakata vitunguu. Hakuinua kichwa. Akasema mara ya mwisho nilipogombea kitu ilikuwa uenyekiti wa kamati ya wazazi shuleni, nikapata kura moja, na yeye siku hiyo alikuwepo ukumbini.

Maana yake sikuipata mpaka nilipokuwa naosha vyombo.

Jumanne, 4 Juni

Wa kuogopwa ni mmoja tu: Tabasamu. Binti mgeni kazini, hata mwaka wa pili hajamaliza. Jina hilo kalipata kwa haki. Ukimwambia kiti chake kinawaka moto, atakuchekea, atakushukuru kwa taarifa, ndipo atainuka. Abiria wanampenda. Marubani wanampenda. Hata mashine ya kahawa, ambayo mimi hunitemea, yeye humtii.

Hajajiandikisha. Mkakati: kumkatisha tamaa kabla wazo halijamjia.

Nilimkuta kwenye jiko la nyuma la ndege akipanga vikombe. Nikamwambia, kwa upole wa kaka mkubwa, kwamba uwakilishi unazeesha. Usingizi unakimbia, ngozi inakunjamana. Mtu kama yeye, nikasema, mwenye kupendwa na kila mtu, ambaye bila shaka angezoa kura zote, asijitie kwenye balaa lile.

Akaweka kikombe chini. Akasema hakuwa amewaza kabisa habari ya kugombea. Kisha akauliza, kwa heshima zote, kama ni kweli angezoa kura zote.

Jioni Shangazi akabandika majina ya wagombea. La juu kabisa lake.

Nimejipalia makaa, tena kwa koleo langu mwenyewe.

Alhamisi, 6 Juni

Kura haipatikani kwa maneno matupu. Mpiga kura hushikwa pale panapomuuma. Na mhudumu wa ndege panapomuuma ni miguuni.

Mama mkwe wangu anaishi nasi, katika chumba ambacho zamani kilikuwa cha baiskeli yangu ya mazoezi. Ana kopo la dawa ya kuchua magoti. Ukilifungua, nzi wanahama nyumba. Analithamini kuliko mkwe. Jana alipokwenda kuoga nilichota karibu yote, nikagawa kwenye vikopo vidogo, na juu ya kila kimoja nikabandika maneno niliyotunga mwenyewe: MIGUU YAKO NI SAUTI YANGU. Kichwani yalisikika vizuri zaidi.

Asubuhi nikawagawia wenzangu wa safari. Wakajipaka chumba cha zamu, wakavaa soksi, wakavaa viatu, wakanishukuru. Shangazi alijipaka hadi magotini. Tabasamu akasema ataipaka nyumbani.

Tulipofika juu ya mawingu, dawa ikaamka.

Kumbe mama mkwe hujipaka akiwa ameketi, miguu nje, feni inampuliza. Ndani ya kiatu kilichofungwa ni mambo mengine kabisa. Mwenzetu wa mlango wa mbele alihudumia safu zake akirukaruka kama anayekanyaga bati la jua kali. Shangazi aliketi jikoni, miguu ndani ya ndoo ya barafu ya soda, anatazama mbele. Abiria mmoja akauliza kama tumebeba mgonjwa. Mwingine akatangaza kwamba mafua yake yamepona.

Aliyekuwa anatembea sawasawa ni mmoja tu. Alihudumia ndege nzima, nyuma hadi mbele, anatabasamu.

Nyumbani nimemkuta mama mkwe ameketi mlangoni, kopo mapajani. Nikasema shikamoo mama. Kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Ya tatu akaiitikia kwa kuligeuza kopo chini juu, kisidondoke kitu.

Ijumaa, 7 Juni

Sijui kama kesho nitakuwa na kazi. Nitaandika hivyo hivyo.

Ndege ilikuwa imesimama uwanjani, mlango wazi, abiria wamejaa, tunangoja mafuta. Joto la kuoka mkate. Mimi nipo kituo changu cha siku zote, mlango wa nyuma. Nikaona ni wakati mzuri wa kumwomba radhi mwenzangu wa mlango wa mbele, bado anachechemea, na kura yake ninaihitaji. Nikachukua simu ya ndani. Simu hiyo ina vitufe viwili vinavyofanana kama mapacha. Kimoja humwita mwenzako. Kingine huita ndege nzima.

"Kaka," nikasema, "nisamehe ya miguu. Lakini nikuulize, unajua hapa tulipo tunafanya kazi bure? Mlango uko wazi, saa haijaanza. Huyu mzee wa safu ya mwisho ameniagiza maji mara tano. Mara tano nimempelekea, mara tano nimemchekea. Bure! Yule mama wa begi la matofali, nimempandishia begi mpaka kiuno kikalia ko! Bure! Mtoto kanitapikia kiatu. Bure! Tukikaa hapa mpaka kesho, hii ni kazi ya thawabu. Halafu tukitua salama, makofi anapigiwa rubani!"

Nikaona nimesema vizuri. Nikangoja jibu. Badala ya jibu nikasikia kimya, kimya cha watu wengi. Nikachungulia pazia.

Vichwa vyote vimegeuka nyuma.

Macho yalinitoka kama mjusi aliyebanwa na mlango. Na mlango wenyewe, nakumbusha, ulikuwa wazi.

Mzee wa safu ya mwisho akainuka. Nikajua nimekwisha. Akanishikisha glasi yake, imejaa, kwa mikono miwili.

"Kunywa wewe, mwanangu," akasema.

Kisha akaanza kupiga makofi. Safu yake ikafuata, halafu iliyo mbele yake, mpaka ndege nzima. Mama wa begi akalishusha begi lake mwenyewe, akalisukumiza chini ya kiti kwa mguu. Simu zilikuwa juu, zinarekodi. Rubani akatangaza kwamba mafuta yamefika, na kwamba huko mbele nao wamesikia.

Tulipotua nikapewa ujumbe: Meneja ananitaka kesho ofisini.

Jumamosi, 8 Juni

Nilivaa shati la misibani. Njiani nikawaza ada za watoto, nikawaza magoti ya mama mkwe yasiyo na dawa. Nikajifunza jinsi ya kusema "nilishikwa na jua."

Meneja wa wahudumu hapandishi sauti. Huongea chini chini, mpaka unalazimika kuinama umsikie. Na ukishainama, tayari umekubali nusu.

Hakunifukuza! Alinimiminia chai. Akasema ameiona ile video, watoto wake wameiona, mkubwa wake ameiona. Akasema mtu mwenye sauti kama yangu hafai kuchoma maisha yake mlango wa nyuma. Ofisi ya mafunzo inahitaji mkufunzi. Chumba chake, meza yake, kiti chake. Kuingia asubuhi kukiwa kumekucha, kutoka jua likiwa bado lipo.

Nikainama zaidi.

Anachotaka ni kidogo, akasema. Niendelee kugombea. Nishinde. Tukiingia kwenye mazungumzo, habari ya mlango niiache isubiri. Na nikubali jambo moja dogo: ndege zenye wahudumu wanne zibaki na watatu. Wanaobaki bila ndege watapumzishwa, kwa kuanzia na waliokuja mwisho.

Nikamuuliza waliokuja mwisho ndio akina nani.

"Wachache tu," akasema. "Yule binti anayechekacheka, na wenzake."

Nikaweka kikombe mezani. Tabasamu analea wadogo zake wawili. Mama yao alishafariki. Kila mtu chumba cha zamu anajua.

Nikasema nitalifikiria. Meneja akanipa mkono kama mtu aliyekwisha kusikia ndiyo.

Nililifikiria kweli. Nililifikiria mpaka kwenye lifti, na kwa kuwa lifti ilikuwa mbovu nikalifikiria na ngazi zote. Huku naona wale watoto. Huku naona kiti. Nilipofika chini nilikuwa nimeshapata ufumbuzi: kwa Meneja niseme ndiyo, kwa chama niseme hapana, nishinde, halafu nione.

Wakubwa wote wa dunia hii wameanza na "halafu nione."

Jumapili, 9 Juni

Nimekuwa mtu maarufu. Jirani wa ghorofa ya juu, ambaye hunilalamikia kelele, leo amenipigia saluti ngazini. Muuza magazeti amekataa kunipokea senti.

Mama mkwe ameiona video kwenye simu ya jirani. Kopo limesamehewa! Ananiita "mkwe wangu mheshimiwa." Kiti cha mbele ya feni, ambacho hata daktari hakukikalia alipokuja, amenikalisha mimi. Akasimulia jinsi alivyofanya kazi kiwanda cha nguo ujana wake wote, na jinsi wanaume wa kule walivyokuwa simba kantini na paka mbele ya msimamizi. Akasema hakujua kwamba binti yake ameolewa na simba. Akaniwekea kipande kikubwa cha nyama.

Alipogeuka nikakirudisha sufuriani.

Mchana wakabisha hodi. Tabasamu, na wadogo zake, na pakiti ya biskuti. Alikuja kuamkia tu, akasema. Halafu akasema anajitoa kwenye uchaguzi.

"Kaka, umesema kile ambacho sisi wote tunakisema tukishavua viatu," akasema. "Nilijiandikisha kwa sababu wewe ulisema naweza. Sasa mwenye kuweza ni wewe. Nitakuombea kura mwenyewe."

Yule mdogo wake wa mwisho alikula biskuti zote walizotuletea, akalala mapajani kwa mama mkwe. Mama mkwe akamwekea kitambaa asipigwe na feni. Mimi nikatazama viatu vilivyopangwa mlangoni. Vya Tabasamu vimegandishwa visigino kwa gundi, kimoja kimeanza kubanduka tena. Nikahamishia macho ukutani.

Walipoondoka mke wangu akauliza Meneja alisema nini jana. Nikasema alinipongeza.

"Bwana wewe," akasema, "una uso wa mtu aliyeficha kuku ndani ya koti."

Nikamweleza nusu. Nusu nyingine akaimalizia mwenyewe. Mwanamke huyu amefundisha chekechea kwa miaka mingi, huwezi kumficha kitu ambacho umekiiba. Hakugomba. Alisema tu mshika mbili moja humponyoka, akaenda kuanua nguo.

Nikamfuata mpaka kwenye kamba nikamwambia methali hiyo ilitungwa na mtu mwenye mikono midogo.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekutana na Meneja ngazini. Akaniuliza kwa macho. Nikatikisa kichwa: ndiyo. Hatua chache mbele nikakutana na Shangazi. Akauliza kama niko tayari kuwasimamia wenzangu bila kuyumba. Nikatikisa kichwa: ndiyo.

Shingo inaniuma. Dawa ya kuchua haipo.

Jumatano, 12 Juni

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye suruali. Nilivaa ile nzuri.

Chumba cha zamu kilifurika. Waliokuwa mapumziko walikuja, waliotua wakati huo huo walikuja na masanduku yao. Tabasamu alisimama, akasema anajitoa, akasema maneno juu yangu ambayo hata mama yangu mzazi hajapata kuyasema. Wakashangilia. Shangazi akasema kwa kuwa mgombea amebaki mmoja, hakuna haja ya kuhesabu, wanaokubali wapige makofi.

Mikono ilikuwa tayari hewani. Mlango ukafunguliwa.

Mtunza stoo! Anasukuma kiti. Kiti kikubwa cheusi, chenye magurudumu, bado kimevikwa nailoni. Mtunza stoo ni mtu wa utaratibu, hawezi kuacha mzigo bila kumwona mwenyewe.

"Mkufunzi mpya ni nani hapa?" akauliza. "Meneja alisema kikabidhiwe baada ya kura, lakini mimi leo natoka mapema."

Akasoma kikaratasi, akanitaja mimi.

Akakiachia kiti. Sakafu ya chumba cha zamu imeinama kidogo upande wa madirishani. Kiti kikaja chenyewe, taratibu, katikati ya watu, kikasimama kwenye magoti yangu.

"Mkufunzi gani?" akauliza Shangazi.

Nilijaribu kuzimia. Miguu ilikataa. Basi ulimi ukaruka peke yake.

"Nilikwenda kuwachungulia!" nikasema. "Nilijifanya chambo! Nilitaka samaki ajitokeze!"

Shangazi akakunja mikono. Akasema vyema sana, basi niwaeleze huyo samaki nilimwona vipi.

Hapo tena ningefanyaje? Ukishajiita jasusi lazima uwe na siri. Nikazitoa zote. Wanne kuwa watatu. Mlango kuwekwa kando. Waliokuja mwisho kupumzishwa. Niliposema hilo la mwisho nilimtazama Tabasamu bila kukusudia. Sura yake ilikuwa haina kitu. Sikuwa nimewahi kuiona hivyo. Nilidhani ile tabasamu ndiyo uso wenyewe, kumbe chini yake kuna binti amechoka sana.

Sipendi kuandika zaidi hapo.

Kelele zilipotulia, Shangazi akauliza nimeyajua haya tangu lini. Nikasema Jumamosi. Akauliza leo ni siku gani. Nikasema Jumatano.

"Mwanangu," akasema, "chambo kinachokaa majini siku zote hizo kimeshaliwa."

Uchaguzi ukaanza upya. Tabasamu alikataa mara mbili, mara ya tatu wakamsimamisha. Wanaomtaka wanyooshe mikono: chumba kizima. Wanaonitaka mimi: nilinyoosha yote miwili, wakahesabu mmoja.

Hawakuishia hapo. Walipanda ofisini kwa Meneja pale pale, kundi zima, kwa ngazi. Mimi nikajipenyeza katikati, nisionekane nimetangulia wala nimebaki. Nilidhani Tabasamu atapiga kelele. Hapana. Aliongea chini chini mno. Nilimwona Meneja, kwa macho yangu mawili, akiinama ili amsikie.

Alisema hawana ugomvi na mtu. Wamekubali kwamba saa za kazi zinaanza mlango ukifungwa, kama mkataba unavyosema. Basi kuanzia kesho wataufuata mkataba. Watasimama chini ya ngazi, nadhifu, sare zimepigwa pasi, na kila mhudumu ataingia kazini mlango ukishafungwa.

Meneja akauliza nani atawapokea abiria.

"Sijui, mzee," akasema Tabasamu. "Mlango utakuwa wazi. Sisi tutakuwa hatujafika kazini."

Akauliza wataingiaje mlango ukishafungwa.

Tabasamu akasema hilo nalo wameliona, ni swali zuri, na wanaiachia kampuni ilifikirie.

Meneja akatafuta kikombe chake cha chai. Kilikuwa mbele yake.

Mke wangu nimemweleza yote. Mama mkwe nimemwambia tu kwamba nilishindwa kwa kura chache. Akaniuliza chache ngapi. Nikasema chumba ni kidogo.

Jumatatu, 17 Juni

Wamekubaliana! Wanne watabaki wanne, na imeandikwa. Muda wa uwanjani utalipwa nusu, kuanzia abiria wa kwanza anapoingia. Nusu ya pili kampuni itaifikiria. Shangazi anasema nusu ni mguu ndani ya mlango, na mguu wa mhudumu hauondoki mlangoni kirahisi. Watu walikumbatiana. Mwenzetu wa mlango wa mbele alilia, na safari hii si kwa ajili ya miguu.

Tabasamu amenishukuru hadharani. Alisema kama si woga wa kaka yetu, siri ile tusingeijua. Makofi. Nimeligeuza neno hilo kila upande nione kama ni sifa. Nimeamua ni sifa.

Baadaye, tukiwa wawili jikoni nyuma ya ndege, nikamwambia kwamba tangu mwanzo nilikuwa upande wake. Alikuwa anapanga vikombe. Hakuacha kupanga.

"Kaka," akasema, "wadogo zangu wanakuulizia. Wanasema kwako kuna feni nzuri. Wakija tena, usinidanganye mbele yao. Ni hilo tu ninalokuomba."

Nikasema sawa. Kisha akatabasamu. Ni ile ile, ila kwangu mimi imefupishwa kidogo.

Ratiba mpya imetoka. Safari za alfajiri, mwezi mzima, jina ni langu tupu. Meneja tulipopishana kwenye korido alinipa pole kwa sauti ambayo sikuinama kuisikia. Nafasi ya mkufunzi imefutwa. Kiti Shangazi amekizuia chumba cha zamu, anakikalia yeye, na nailoni hajaitoa.

Mke wangu ameniuliza kama nimejifunza kitu. Nikasema ndiyo, nimejifunza sana. Kitu kikubwa namna ile mtu unawaambia wakupelekee nyumbani.

Alhamisi, 20 Juni

Nyota yangu imerudi juu!

Kampuni inabadilisha sare. Kila tawi linatoa mtu mmoja wa kuchagua fundi, na kwetu hakuna aliyeitaka kazi hiyo. Tabasamu amenipa mimi. Alisema mbele ya wote kwamba sare haiwezi kumdhuru mtu. Shangazi aligeukia dirisha, lakini hakupinga.

Mafundi wanaoitaka kazi ni wawili. Wa kwanza ana karakana nyuma ya posta. Mtu muungwana. Nilimwambia kazi ni yake, mengine ni taratibu tu. Akafurahi, akanipima suti, shukrani ya kirafiki. Wa pili ana duka upande wa pili wa mji. Muungwana vile vile. Naye nilimwambia kazi ni yake. Naye akanipima suti. Vipimo vimetofautiana kiunoni, kwa hiyo moja itakuwa ya kazini na nyingine ya baada ya kula.

Wote nimewaambia waje Jumatano na vitambaa vyao, chumba cha zamu, saa ile ile. Nimefanya hivyo makusudi, wasipate nafasi ya kunijia mmoja mmoja na maswali. Mke wangu akauliza kama mafundi hao wanafahamiana. Nikamwambia mji huu ni mkubwa.

Sasa hivi yule wa nyuma ya posta amenipigia simu. Ana furaha kweli. Anasema Jumatano atakuja na shemeji yake, ambaye naye ni fundi, ana duka upande wa pili wa mji, na naye wiki hii hii amepata kazi kubwa ya kushona sare za ndege. Jana walikula pamoja wakawa wanapongezana. Wana hamu kubwa ya kuniona.

Wiki hii mafundi wana bahati! Suti ya kazini nimechagua ya kijivu.